Bima Aliyoikataa Arlo Tvedt

Ilikuwa mwaka elfu mbili na nane. Hapana, nimekosea. Mwaka ule mto ulifurika, nikashindwa kuvuka kwenda kwa akina Tvedt. Basi ni elfu mbili na tisa, mwezi wa nne, theluji ya mwisho ikiwa bado imejibanza nyuma ya maghala.

Kazi yangu ni kunoa. Nazunguka na gari langu mashambani huku magharibi ya Wisconsin, Marekani, nanoa mikasi, misumeno, visu. Kwa Lorna Tvedt nilikuwa nanoa visu vya kuchongea kwato. Lorna alivisha farasi viatu, hasa farasi wa Waamishi, wale jirani zetu wasioendesha magari. Mwanamke mfupi, mabega mapana, mdomo usio na breki. Farasi mmoja wa kulima alimpiga teke la nyonga, daktari wa hospitali ya karibu akaunga mfupa kwa skrubu, na tangu hapo ilibidi aonwe na daktari huyohuyo mara kwa mara.

Mtu aliyejiajiri hana tajiri wa kumlipia bima ya matibabu. Lorna aliinunua mwenyewe, na kila mwezi aliilipia kabla hata ya kununua chuma. Serikali ilimwachia nafuu moja tu: gharama ile ya bima hutolewa kwenye mapato kwanza, ndipo kodi ihesabiwe. Bila nafuu hiyo asingeimudu. Na kuiacha hakuthubutu, maana siku zile kampuni gani ingempokea tena mtu mwenye vyuma nyongani?

Mumewe, Arlo, alikamua ng'ombe tangu ujana, kisha bei ya maziwa ikamshinda akawauza. Baada ya hapo alikaa dirishani. Saa ya kukamua ikifika anavaa buti, anakwenda zizini, anasimama humo peke yake, anarudi. Nilimwona kwa macho yangu. Ndipo shule ikatafuta dereva wa basi. Jamani, yule mzee alifufuka! Alijua mtoto gani hutapika kwenye kona, na yupi asemeshwe asubuhi kwa sababu nyumbani hasemeshwi na mtu.

Siku hiyo ya mwezi wa nne nilikuwa nanoa barazani, Lorna akaniita ndani.

"Clem! Njoo unywe kahawa."

"Hapana, mama, nisiwasumbue."

"Ipo tayari."

"Labda nusu kikombe."

"Kaa chini, mzee, usinichoshe."

Nikakaa. Ndivyo tulivyo huku. Anayekubali neno la kwanza anaonekana mlafi.

Mezani alikuwepo Bi Peckham, mhasibu wao, mama mpole aliyewafanyia hesabu za kodi miaka mingi. Alikuwa anamaliza, huku anakula keki. Akauliza tu, bila nia mbaya, "Arlo, shule hawakukupa bima, sivyo?"

"Walitaka kunipa," Arlo akasema, tena kwa fahari kidogo. "Nikawaambia asanteni, nyumbani tunayo."

Bi Peckham akaweka uma chini. "Na Lorna angeingia humo?"

"Angeingia. Lakini makato ya bima ya watu wawili yangemeza mshahara wote wa basi. Na hospitali ya bima yao iko mwendo wa saa mbili, siyo kwa daktari wake. Nikakataa kwa heshima. Si neno la kumwambia mtu."

"Ulianza lini kazi?"

"Mwezi wa tisa, mwaka jana."

"Basi kuanzia mwezi wa tisa, Lorna haruhusiwi kuitoa bima yake kwenye mapato."

"Kwa nini?" Lorna akadakia. "Hatukuichukua!"

"Sheria haiulizi kama mliichukua, dada. Inauliza kama mngeweza kuichukua, na mwajiri angechangia."

Lorna akasimama. "Yaani mtu akinionyesha farasi, nikasema simtaki, mnanitoza majani yake?"

"Siyo mimi, Lorna."

"Najua siyo wewe! Ndiyo kinachoniudhi, kila siku siyo mtu!"

"Na mwaka huu je?" Arlo akauliza taratibu.

Bi Peckham hakumtazama. "Ni hivyohivyo, kila mwezi ukiwa bado dereva wa basi."

Kahawa ikapoa. Arlo akatoa funguo za basi mfukoni, akaziweka kando ya sukari.

"Shule ikifungwa nazirudisha."

"Thubutu!" Lorna akamwambia. "Ulikuwa maiti pale dirishani, Arlo. Nilikuwa naishi na maiti anayevaa buti."

"Na wewe ukikosa daktari utatembea kwa kitu gani? Kwa ulimi?"

"Ungefika mbali, huo," Lorna akasema, akageuka kwenye sinki ili tusimwone uso.

Shule ikafungwa, akazirudisha. Watu wawili hawakumwibia yeyote, hawakudanganya hata senti, na sheria ikawaingilia jikoni ikachukua kitu pekee kilichomtoa yule mzee dirishani. Mimi si mtu wa hasira. Lakini hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Niliporudi majira ya majani kupukutika, Arlo alikuwa dirishani. Basi likapita barabarani alasiri na dereva mpya, watoto wakapunga. Arlo akainua mkono, akauacha hewani hata basi lilipokwisha kupita kilima. Huko nje Lorna alikuwa anagonga chuma kwa nguvu kuliko chuma kinavyohitaji.

Nimemuuliza Bi Peckham. Nimemuuliza karani wa shule. Kwenye maonyesho ya wilaya nikamuuliza kijana wa ofisi ya mbunge mmoja, aliyekuwa akigawa kalamu; akanipa kalamu. Nawauliza na ninyi: mtu aliyekaribishwa kahawa akakataa, akaenda kunywa ya kwake, anaandikwaje kuwa amekunywa?