Mahari imegeuka mahali, na darasa zima limepiga makofi

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tano hapa Kigali, naishi Kinyinya na mama. Darasani siongei sana. Nasoma.

Mwalimu wa Kiswahili alitugawa watatu watatu tuandike insha ya hoja: msimamo mmoja, na ushahidi tuutafute wenyewe kwa kuhoji watu. Sisi tulipewa mahari. Msimamo wangu ulikuwa ifutwe. Nilihoji watu sita mtaani, na wa sita akaniharibia. Ni mama anayeuza parachichi. Baba yake alipokea mahari ya ng'ombe mmoja, kisha ng'ombe alipozaa akamrudishia binti yake ndama, kama desturi yetu inavyotaka. Alipofiwa na mume, maziwa ya ndama yule, ambaye sasa alikuwa ng'ombe mzima, ndiyo yaliyolea watoto. "Andika vile nasema, binti yangu. Usiongeze, usipunguze." Nikaandika upya msimamo wangu: mahari ibaki, ila ndama arudishwe. Sijawahi kufurahia kukosea namna ile.

Kiongozi wa kundi letu, kijana anayejiona amezaliwa na kipaza sauti mkononi, alicheka. "Wee mtoto wa vitabu, watu sita ni ushahidi au ni familia? Mimi nimehoji kumi na watano mtaa wa Nyakabanda."

Nyakabanda hakufika. Alikaa kantini akaiuliza akili bandia ya simu yake, imtungie majibu ya watu. Na kwa kuwa ni mmoja wa wale wanaochanganya r na l halafu wanaandika walivyotamka, aliandika "mahali". Simu ikamjibu alichouliza. Sasa insha yetu inasema fundi viatu mmoja anawashauri vijana wachague mahali penye maji na barabara kabla ya kuoa. Watu kumi na watano, wote wanaongea kama tangazo la viwanja. Watu wangu sita aliwafuta. Mwenzetu wa tatu alikubali. Yeye hukubali kila kitu.

Nilidhani Mwalimu atamuumbua. Mwalimu, ambaye naye hutamka mahari "mahali", aliisoma kwa sauti na hakusikia kasoro. Kumi na nane kwa ishirini. "Huu ndio utafiti," akasema. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza barabara imeingiaje kwenye posa. Nawadharau wote, na mimi niliyenyamaza nimo.

Ijumaa insha itasomwa siku ya wazazi. Jina langu ndilo la kwanza, maana nilipewa kuandika jalada, mwandiko wangu ni mzuri, kabla sijaona yaliyomo. Na mama wa parachichi ana mtoto kidato cha kwanza. Ameniambia atakaa mbele asikie maneno yake.

Nishaurini. Nisimame mbele ya wazazi niseme ni uongo, mimi ambaye hata majina yakiitwa naitikia kwa kunyoosha kidole? Au nimwambie asije? Ataniuliza kwa nini, na yeye hataki niongeze wala nipunguze.