Cherehani Mpya Isiyojua Kuandika Aimé

Ni saa mbili asubuhi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Eugénie Nabintu ananyanyua mguu wa kubania nguo wa cherehani yake ya kudarizi na kuchomoa kitambaa cheupe. Jina limekwishajichora kwa uzi wa buluu, herufi zake zimepinda vizuri kama mwandiko wa mwalimu: Andre.

Anaizima mashine. Anavaa miwani, anatunga uzi uleule kwenye sindano ya mkono, na kuinama. Taratibu, juu ya herufi ya mwisho, anashona kistari kidogo kilicholala upande. Sasa jina linasomeka André.

Mashine hii ilitoka dukani katika mji wa Mbarara ikiwa mpya kabisa, Machi mwaka huu wa 2015. Inadarizi maua, misalaba na njiwa bila kuchoka. Kinachoishinda ni hicho kistari.

“Baliniambia ile herufi iko, lakini imefungwa,” anasema Eugénie, mwenye umri wa miaka 46, kwa Kiswahili cha kwao. “Inabakia nilipe tena ndiyo bafungue. Sasa miye nilinunua nini?”

Alifika Nakivale mwaka 2008 akitokea Walungu, Kivu Kusini, na mabinti zake wawili, Orpa na Divine. Mumewe alikuwa ameuawa shambani. Alichokuja nacho ni ufundi wa sindano aliofundishwa na masista alipokuwa msichana.

Kazi aliipata upesi kuliko alivyotarajia. Kwaya zilitaka kanzu zenye maandishi, na wafiwa walitaka vitambaa. Kitambaa chenye jina la marehemu hutandikwa juu ya jeneza au hutundikwa kanisani siku familia inapomaliza matanga, kisha hurudi nyumbani na kukaa ukutani.

“Hapa tunazika ku inchi ya benyewe,” anasema. “Musalaba ya muti mvua inaangusha. Kitambaa ndiyo inabakia.”

Lakini macho yalianza kumchosha. Jina moja lilimchukua siku nzima, na mwezi mzuri haukumpa zaidi ya shilingi 150,000. Aliweka akiba kwa miaka minne katika kikundi cha akina mama, akafikisha shilingi 1,800,000, akaenda Mbarara. Siku cherehani ilipoingia nyumbani, Divine alicheka mpaka akatoa machozi kuona sindano ikikimbia peke yake.

Kisha, mwezi Aprili, akaja jirani yake Georgette. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa amefariki kwa malaria, na matanga yalikuwa karibu kwisha. Alitaka kitambaa chenye jina lake, Aimé.

Mashine ilikimaliza kabla chai haijapoa. Georgette alikitazama, akakikunja, akamrudishia Eugénie.

“Mama Orpa, huyu haiko mutoto wangu.”

Eugénie alidhani amempa kitambaa cha mtu mwingine. Georgette akakikunjua tena na kuweka kidole juu ya herufi ya mwisho, e isiyo na kistari. Kwa Kifaransa, kistari hicho ndicho huifanya herufi hiyo isikike.

“Huyu anasomeka Em. Wangu ni Emé. Baba yake ndiye alimupatia ile jina, na baba yake hayuko tena.”

Eugénie alijaribu kila kitufe. Herufi aliyoitaka haikutokea kwenye kioo. Kesho yake akaifunga mashine kwa shuka na kusafiri nayo hadi Mbarara, kwenye duka la Buruhan, mfanyabiashara aliyemuuzia.

Buruhan aliiunganisha na kompyuta yake, akasoma, akashusha pumzi. Herufi za Kifaransa zilikuwemo katika programu mpya. Bei yake shilingi 280,000.

“Lakini mashine yenyewe haijamaliza miezi miwili!”

“Nyabo, mama yangu, hata mimi inaniuma,” Buruhan akamjibu. “Kampuni ndiyo inaweka bei. Hiyo programu iko na namba ya kufungua, na hiyo namba mimi pia nanunua.”

Mbele yake akapiga simu kwa kampuni. Mwanamke aliyepokea alieleza kwa upole kwamba lugha ambazo mashine inaandika zimetajwa kwenye sanduku. Buruhan akalishusha sanduku jingine la mashine kama hiyo kutoka rafuni, akaligeuza. Maneno yalikuwepo kweli, chini kabisa, kwa herufi ndogo za Kiingereza. Eugénie hasomi Kiingereza.

“Sikujua, nyabo,” alisema Buruhan. “Majina ya hapa kwetu hayana hiyo alama. Hakuna mtu alishawahi kuniuliza.”

Alijitolea kulipa nusu kutoka mfukoni mwake. Eugénie akakataa.

“Yeye pia iko na batoto,” anaeleza. “Tena nikilipa hii, kesho batafunga ingine. Nitalipa mpaka lini?”

Anasema alirudi Nakivale na hasira iliyochanganyika na aibu, kama mtu aliyetapeliwa na asimwone tapeli. Asubuhi iliyofuata aliketi mlangoni penye mwanga, akachukua kitambaa cha Aimé na sindano.

Jina lake mwenyewe kwenye kadi ya ukimbizi limeandikwa Eugenie, bila kistari. Hakuwahi kulalamika.

“Miye niliona, nikanyamaza,” anasema. “Miye niko muzima, nilikubali mwenyewe. Ule mutoto hana kinywa ya kukubali.”

Alipompelekea Georgette kitambaa, mama huyo hakukitazama sana. Alipitisha kidole gumba juu ya kile kistari, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akaita, “Emé!” kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Akakaa chini, na Eugénie akakaa karibu naye.

Tangu hapo, kila jina lenye alama hupita mikononi mwa Eugénie. Kazi ambayo alinunua mashine ili imwondolee imemrudia, na macho hayajapona. Baadhi ya kwaya amezikataa. Divine alimshauri aiuze.

“Nimuuzie nani?” aliuliza mama yake. “Nitamuambia inajua kuandika?”

Mwakani kikundi cha akina mama kinakusudia kununua cherehani ya pili, itakayotumiwa na wote. Wamemchagua Eugénie kwenda kuichagua, naye amekubali kwa sharti moja: hatatoa hata shilingi kabla mashine haijajaribiwa palepale dukani, mbele ya muuzaji.

“Nitaiambia iandike bantu benye nilishonea tangu nafika hapa, mumoja mumoja,” anasema. “Aimé, André, Désiré, Noëlla, Béatrice. Sihitaji karatasi, niko nabo mu kichwa. Ikishindwa na mumoja tu, ninarudi na feza ya bamama.”