Migomba ya Baba

Juzi mtendaji wa kijiji alikuja kuniuliza kama kweli mimi ni mkazi wa Kimuli, kwa kuwa nimeomba kugombea uenyekiti wa kitongoji. Harufu ya samadi ya alasiri moja ya utotoni ikanirudia.

Baba, mfugaji, naye aliwahi kuutaka uenyekiti huo. Majirani wakasema mkazi ni mwenye kibanja cha migomba. Mtu wa ng'ombe huhama na ng'ombe wake. Basi akashika jembe asilolizoea, akachimba mashimo, akayatia samadi, akapanda miche huku akihema. Nilidhani tunapanda chakula cha jioni, nikakaa kando nikisubiri ndizi.

Aliyekuja ni mtendaji wa wakati ule. Akanywa maziwa yetu, akaitazama miche iliyolegea kwa jua.

“Mzee, migomba hii ni ya leo.”

“Lakini mimi si wa leo,” baba alijibu taratibu.

Jina lake halikupita.

Juzi nilimwonyesha huyu mpya migomba ile ile, ambayo sasa imefika hadi barabarani. Akaitazama kwa muda mrefu.

“Lakini ninyi,” akasema, “si ndio wale wa ng'ombe?”