Mama Yangu na Kamusi ya Imani

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kule Uyole, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Nilikuwa bado msichana, karani katika ofisi ya parokia, na tulikuwa tunatunga kamusi ya imani Katoliki, ili makatekista wa vijijini wawe na mahali pa kutafuta maana ya maneno kama kitubio na toharani. Mwalimu Sanga, aliyesomea mambo ya dini hadi ng'ambo, ndiye aliyeandika maelezo. Padri Mgaya, mzee aliyekwisha kustaafu, aliyasikiliza na kuyasahihisha. Mimi niliyapiga chapa kwenye kompyuta. Niliipenda kazi ile, nikijiona kama mtu anayejenga kanisa.

Siku hiyo mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Madibira. Alibadilisha basi Igawa, akafika na kiroba cha mchele mpya kichwani. "Kamwene," akasalimia, akaketi kwenye benchi karibu na mlango kunisubiri nimalize. Wazee wakamwitikia, wakaendelea. Tulikuwa tumefika herufi L.

Mwalimu Sanga akasoma kwa sauti: "Limbo. Mahali pa watoto wachanga waliofariki bila ubatizo. Hawateseki, lakini hawamwoni Mungu."

Mama akakohoa kidogo. "Samahani, Mwalimu. Mtoto wangu wa kwanza alifariki siku aliyozaliwa. Ilikuwa masika, mto umejaa, padri akashindwa kuvuka. Hatukujua kwamba hata mkunga angeweza kumbatiza. Na yeye yuko huko?"

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, mwanangu, nisikudanganye. Alizoea tu kuwa na jibu. "Ndivyo tulivyofundishwa, mama."

"Sasa mimi nikifika mbinguni, nitamwona?"

"Hapana, mama. Hatakuwepo."

Alisema hivyo huku akitafuta ukurasa unaofuata.

Padri Mgaya akapiga meza kwa kiganja. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Sanga! Kanisa lenyewe halijathubutu kuufunga mlango huo. Wewe ufunguo umeupata wapi? Tunaandika kitabu au tunamhukumu mtoto wa mtu?" Kisha akamgeukia mama, sauti imemshuka. "Mama, mwachie Mungu. Yeye ana huruma kuliko sisi."

Mama akaitikia, "Asante, Padri," akaanza kufunga kanga yake vizuri. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimsindikiza hadi stendi.

Tangu hapo mama akaacha kupokea komunyo. Kanisani alikwenda, ila alisimama nje, dirishani, hata mvua ikinyesha. Nilipokwenda nyumbani likizo nikamuuliza, "Mama, kuna nini?"

Alikuwa anapepeta mchele. "Nikipokea nitaokoka," akasema. "Nikiokoka nitamkosa. Ninyi mtakuwa na baba yenu huko juu. Yule hana mtu."

Nililia, nikabishana naye, nikamwita katekista, nikawaita dada zake. Padri Mgaya mwenyewe alisafiri kwenda kumwona, na uzee wake ule. Mama alimpikia, akamsikiliza kwa heshima, akamsindikiza. Hakubadilika.

Kamusi yetu tuliirekebisha. Padri aliliandika upya fungu lile, kwamba watoto hao Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu na kuwatumainia wokovu. Mama alipougua ugonjwa wa mwisho nilimpelekea karatasi hiyo, nikamsomea polepole, nikarudia.

"Nani ameandika?" akauliza.

"Sisi, mama. Padri na Mwalimu. Mimi nimepiga chapa."

"Na lile la kwanza?"

Nikaikunja karatasi.

"Ni ninyi wale wale," akasema, akageukia ukutani. Padri alipokuja na mafuta matakatifu, mpako wa wagonjwa aliukataa kwa upole, kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshiba. Akafariki hivyo. Kamusi ilichapishwa, watu wakaisifu, na hadi leo ipo katika parokia nyingi.

Mwanangu, wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami naongeza kwamba kalamu nayo ni ulimi. Wewe unayesoma sana, utaulizwa mengi na watu wenye majeraha usiyoyaona. Kabla hujajibu, tazama uso wa anayeuliza. Usilolijua, sema hulijui, hakuna aliyekufa kwa kusikia "sijui." Wala usijifariji kwamba ukikosea utasahihisha. Kitabu kinasahihishwa. Moyo wa mtu, mimi nilishindwa.

Mungu akupe ulimi mzito na sikio jepesi. Akulinde usije ukawa jibu linalomfungia mtu mlango. Na kama mama yangu na mtoto wake wameonana, jambo ambalo sina wa kunihakikishia, basi wao nao wakuombee. Amina.