Kuku Aliyedonoa Ukuta wa Mama

Siku kuku alipodonoa ukuta wa sebuleni, nilikuwa nimeshamtafutia mama yangu chumba katika nyumba ya wazee. Nasema mapema ili usije ukanihurumia.

Mama yangu ni Aaltje Mulder, mjane wa miaka themanini na mmoja, kijijini kwetu nje kidogo ya mji wa Groningen. Ana kuku watano, na wanakula vizuri kuliko mimi. Tangu baba afariki anawafugia funza wa unga, wanono, wa rangi ya ngano, wanaolishwa pumba na vipande vya karoti. Kila asubuhi anatikisa kopo, kuku wanakuja mbio, kila mmoja anapata funza wake wachache.

Zamani funza walikaa kwenye ndoo za plastiki kibandani. Majira ya baridi yaliyopita akawaonea huruma, akawahamishia ndani, kwenye droo za kabati la mbao la marehemu baba, sebuleni, karibu na bomba la joto. Mwezi wa pili akaanza kuniambia mambo.

"Roelof, ukuta unatafuna."

"Unatafuna nini, Mama?"

"Ningejua ningekuita? Njoo usikie!"

Nikabandika sikio. Kimya. Miaka thelathini nimefanya kazi kiwanda cha viazi, na mashine zimenimaliza masikio. Hata hivyo niliamini sikio langu bovu kuliko mama yangu mzazi.

Aliponipigia simu mara ya nne katika wiki moja, nikaiandikia halmashauri kwamba Mama anasikia visivyokuwepo. Wakamtuma afisa wao, Bi Douma, aje kumpima. Akimwona akili zimeyumba, Mama anahama kabla ya Pasaka.

Bi Douma alifika saa nne asubuhi, saa ya kahawa. Kwa Mama kila mtu hupewa biskuti moja, kisha kopo linafungwa. Hata mchungaji hajawahi kuonja ya pili. Kwenye boksi pembeni alilala Dikkie, kuku aliyepukutisha manyoya, ameletwa ndani asipigwe na baridi.

"Bibi Mulder, mwanao anasema unasikia sauti," Bi Douma alianza kwa upole.

"Mwanangu anasema mengi. Sauti ile pale." Mama alionyesha ukuta juu ya kabati. "Inatafuna sasa hivi."

Bi Douma akaniangalia. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, mnafiki mimi.

Ndipo Dikkie aliporuka kutoka kwenye boksi. Akapanda juu ya kabati, akainamisha kichwa upande, akasikiliza. Kisha akadonoa karatasi ya ukutani, ta! Akadonoa tena. Karatasi ikachanika, na tunduni akachungulia funza. Dikkie akammeza.

"Mungu wangu!" Bi Douma alisimama, kahawa yote ikamwagikia sketi yake.

Nikaichana karatasi kwa mikono yangu, na laiti nisingeichana. Funza walimwagika kama mchele kutoka gunia lililotoboka, mamia kwa mamia, wakanijaa viatuni, na wazazi wao, mbawakawa weusi, wakakimbia huku na huko. Nyuma ya karatasi tulibandika zamani, mimi na baba, foamu nyeupe ya kuzuia baridi, kama ile inayofungiwa televisheni dukani. Ilikuwa imebaki matundu na vumbi. Walikuwa wamekwea mbao za droo, wakapenya nyuma ya kabati, wakala ukuta majira yote ya baridi. Nilikaa sakafuni palepale, kati ya funza. Mama alisikia. Miezi miwili aliniambia kweli tupu, nami nikaandika barua kwamba ana wazimu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama alisema, na wala hakuwa akiwatazama funza.

Bi Douma alikunja fomu yake bila kuandika neno. "Bibi, masikio yako mazima kuliko yangu," alisema.

Mama akafungua mlango wa uani, akatikisa kopo lake. Kuku wanne wakaingia sebuleni kama waalikwa wa harusi. Kisha akamimina kahawa upya, akafungua kopo la biskuti, akampa Bi Douma ya pili. Ya pili! Nilikodoa macho. Nikanyoosha na mimi mkono, na kifuniko kikafungwa.

"Wewe hapana," Mama alisema. "Kule ulikonitafutia chumba, nasikia biskuti hazina idadi. Kahamie."