Mguu wa mama mkwe kwenye pikapu yangu

Jamani, leo mama mkwe ametoboa sakafu ya gari langu kwa mguu.

Msicheke kwanza.

Mnaijua ile pikapu kuukuu niliyoinunua Korogwe, niliyowatambia humu kwamba naifufua mwenyewe. Chini, upande wa abiria, bati lilikuwa limeliwa na kutu. Mtu mwenye akili angekata pale pabovu na kuchomelea bati jipya.

Mimi nikasugua kwa msasa, nikaziba mashimo kwa puti, nikapaka rangi nyeusi juu. Pakang'aa! Nikapiga picha. Nyie wenyewe mkaniita fundi.

Leo mama mkwe alikuwa anarudi kwake Misima. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mama, nitakupeleka mwenyewe."

Akapanda. Hata mlango sijafunga, nikasikia kraa!

Mguu umezama mpaka gotini. Hakuumia, ila kunasa kanasa.

Sasa kwetu mnapajua. Mguu wa mama mkwe haushikwi. Hata kuutazama ni aibu. Wenye wakwe, mngefanyaje?

Mimi niligeuzia uso kwenye mihogo iliyo kando ya nyumba, nikaanza kumwita mke wangu kama mtoto aliyevamiwa na siafu.

Mke wangu yuko bafuni, ana sabuni mpaka masikioni.

Tukasubiri. Mimi natazama mihogo, mama anatazama mbele.

Halafu mama, ambaye tangu nioe hajawahi kunitania, akakohoa kidogo.

"Mkwe, mimi huku chini nimeshakanyaga ardhi. Utaliwasha gari, au nitembee nalo hivi hivi?"