Neno "mwenza" lilivyokaribia kukigawa chama chetu hapa Kamina

Wakuu, nawasalimu kutoka Kamina, Haut-Lomami, huku Kongo. Haya yamenikuta mwenyewe na sitaongeza chumvi. Leo naandika nimetulia. Wiki iliyopita nisingeweza.

Nimemaliza chuo, kazi bado, kwa hiyo nikawa katibu wa chama chetu mkoani. Mimi ni mtu wa kuwaza mno. Ujumbe wangu usipojibiwa ndani ya saa moja, nimeshaandaa maneno ya kuomba msamaha.

Chama kilikuwa kinachagua rais wake wa mkoa. Mgombea wetu, Ya Ilunga ("Ya" huku ni kaka mkubwa, kwa heshima), mwalimu wa sekondari, alipaswa kumtaja atakayesimama naye kama makamu. Watu wa ziwani, wa Kinkondja, walitegemea nafasi hiyo iwe yao. Bila wao hatushindi, na pengine chama chenyewe hakibaki.

Yeye akamchagua Mama Ngalula, anayeuza samaki wakavu sokoni. Amezaliwa hapa hapa, ila wazazi wake ni wa Kasai. Anayekumbuka miaka ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu, ataelewa kwa nini niliogopa.

Nikapewa kuandika tangazo.

Anayesimama na mgombea sisi huku tunamwita colistier, kwa Kifaransa. Lakini nimezoea kusoma nyuzi zenu, nikataka Kiswahili safi. Nikaandika "mgombea mwenza wake". Nikaona "mgombea" linajirudia mno, nikalifuta. Likabaki: "Ya Ilunga atasimama na mwenza wake, Mama Ngalula."

Nikabandika kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa, tunapofanyia mikutano.

Wakuu, hapa wengi wanalijua neno hilo kwenye "mke mwenza" tu. Kufika mchana, soko zima linasema Ilunga ameoa wa pili na kumpa cheo. Kinkondja wakatuma habari: mkutanoni watakuja, ila kukiaga chama.

Niliandika barua ya kujiuzulu. Nikasahihisha nukta zake mara nne.

Siku ya mkutano, mke wa Ya Ilunga, Mama Jeanne, alisimama kabla hajaitwa, akasema kwa Kiswahili cha huku ("njo minyi" ni "ndiye mimi"):

"Mwenza wa Ilunga njo minyi, na ndoa tulifungia kanisa hii. Uyu iko colistier. Minyi sitaki kazi yake, na yeye asitake yangu."

Mama Ngalula akajibu kwamba harufu ya samaki inamtosha, hana nafasi ya mume wa mtu. Ukumbi ulicheka hadi viti vikalia.

Nikapumua. Kumbe bado.

Papa Banza, kiongozi wa wajumbe wa Kinkondja, hakucheka. Akasimama polepole. Nikajua sasa linakuja lile la Kasai.

"Shiye hatukatai mama uyu. Miaka yote njo anauza samaki yetu. Lakini jina lake tunalisoma ku mulango, sawa bageni?"

"Shiye" ni sisi, na "sawa bageni" ni kama wageni. Kidonda kilikuwa hapo. Hakuna aliyewaita, hakuna aliyewauliza.

Ya Ilunga hakujitetea. Alikiri kwamba aliogopa watamkatalia, ndiyo maana akaamua peke yake. Akaomba radhi, kisha akawauliza palepale mbele ya wote. Papa Banza akashauriana na wenzake kwa Kiluba, akarudi na jibu: sasa wameulizwa, wanakubali.

Kura zikapigwa, Ya Ilunga akapita. Nilihesabu viti vya Kinkondja mara tatu. Vyote vilikuwa na watu mpaka mwisho.

Nilichojifunza: nilihangaika na kabila la makamu na neno langu baya, kumbe watu walitaka kusikia jina kwa mdomo wa mgombea kabla ya kulikuta mlangoni. Barua yangu nimeichana, na usingizi umerudi.

Kwenye vyama vyenu, mgombea huwauliza wenzake kabla ya kumtaja makamu, au nanyi mnasikia pamoja na mji mzima? Nielezeni, nasoma kila jibu. Hata la kunicheka.